Uzio mrefu huuza uhakika: niliyojifunza nikimpeleka Mzee kuwinda Texas

Mteja wangu alimchagua kulungu wake kwenye simu, tukiwa kwenye ofisi yangu ya kupanga safari, Ngara, Nairobi, mwezi wa Julai. Mnyama mwenyewe aliuawa Novemba, huko Texas. Katikati hapo kulikuwa na mambo mengi ambayo hakuna aliyetuambia mapema, mengine ya pesa, mengine ya sheria, na moja la dhamira ambalo mimi na yeye tunalibishania mpaka leo.

Naandika kwa sababu simu za namna hii zimeanza kuwa nyingi. Mtu amefanikiwa kibiashara, ana mtoto anayesoma Marekani, ameona picha za watu wamepiga magoti kando ya kulungu mwenye pembe kama mti mkavu, naye anataka apige risasi yake kihalali. Hapa nyumbani Kenya haiwezekani. Uwindaji ulipigwa marufuku 1977, Jomo Kenyatta akiwa bado hai, na bunge lilipojaribu kuufungulia mlango 2004, Rais Kibaki alikataa kutia sahihi. Kwa hiyo mtu huangalia nje. Wengine huenda Tanzania kwenye vitalu vya uwindaji, wengine Namibia au Afrika Kusini. Mzee wangu alitaka Texas kwa kuwa binti yake anaishi San Antonio.

Nitamwita Mzee tu. Anauza vifaa vya ujenzi, ana kondoo Kisaju, kusini mwa Nairobi, na fisi wamemla kondoo hao kwa miaka mingi bila yeye kuwa na ruhusa ya kufanya lolote la maana. Hilo likumbuke, litarudi.

Ranchi tuliyoipata ilituma orodha ya bei. Mtu asiyezoea anaweza kudhani ni bei ya siku za kukaa, lakini sivyo. Kulungu dume wa mkia mweupe wanauzwa kwa inchi za pembe. Inchi hizo si za pembe moja: hujumlishwa urefu wa shina la kila upande, urefu wa kila tawi, mizingo ya shina sehemu kadhaa, na upana wa ndani kati ya pembe mbili. Dume wa inchi 130 alikuwa na bei yake, wa 150 yake, na kutoka 170 kwenda juu bei ilipanda kwa ukali. Majike walikuwa dola mia chache, ukurasa wa mwisho, kama kitu cha nyongeza. Mzee alitaka wa kati ya 170 na 180, dola 7,500. Kwa shilingi zetu ni karibu milioni moja, kabla ya tiketi, leseni na bakshishi ya mwongozaji.

Siku mbili baadaye ikaja picha kwenye WhatsApp. Dume amesimama, shingo nene, sikio la kushoto lina kibandiko cha plastiki chenye namba. Ujumbe ulisema huyu bado yupo, weka nusu ya pesa tukuwekee.

Nilimwonyesha Mzee kile kibandiko. Nikamwambia, "Mzee, huyu ana namba kama ng'ombe wa maziwa." Akacheka. "Kijana wangu, hata kuku wa Krismasi unamwekea mtu oda mapema. Lipa."

Tulilipa. Na hapa pana la kwanza la kumwambia mwenzangu anayepanga safari hii: soma sharti la nusu ya kwanza kabla pesa haijatoka. Nusu ya Mzee haikuwa ya kurudishwa kwa sababu yoyote, na viza ilikuwa bado haijapatikana. Mahojiano ya viza kwenye ubalozi wa Marekani, Gigiri, yalikuwa dola 185 ambazo nazo hazirudi. Kama wangemkataa angekuwa amelipia kulungu wa mtu mwingine. Mpangilio wenye akili ni viza kwanza, ranchi baadaye, hata kama ranchi inakuharakisha kwamba dume wako atachukuliwa.

La pili ni bunduki, na hili ni zito kuliko pesa. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mgeni aliyeingia kwa viza ya matembezi kuwa na bunduki au risasi, isipokuwa kwa hali chache. Mojawapo ya hizo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa huko huko Marekani. Maana yake ni kwamba binti wa Mzee hangeweza kumpeleka babake uwanja wa shabaha siku ya kwanza ili "azoee kidogo" kabla ya leseni kuwa mkononi, jambo ambalo familia ilikuwa imepanga kwa furaha kabisa. Tulinunua kwanza leseni ya asiye mkazi, dola 315. Ile ya bei nafuu ya siku tano haifai kwa kulungu, usidanganyike na bei yake. Pia Texas humtaka kila aliyezaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1971 awe amepitia mafunzo ya wawindaji. Mzee alizaliwa kabla ya hapo, akaponea. Wewe mwenye umri mdogo kuna ruhusa ya kuahirisha mafunzo, mara moja tu, kwa sharti uandamane na mtu mwenye leseni. Na usisafiri na bunduki yako kutoka Nairobi, vibali vyake pande zote mbili vitakumaliza. Azima ya ranchi.

Tulipanda KQ hadi New York, kisha ndege nyingine hadi San Antonio. Safari yenyewe haina hadithi, ila mgongo wa Mzee.

Tulipofika nilianza kuelewa nilichokuwa nimemuuzia. Uzio una urefu wa futi nane, waya wa neti toka chini hadi juu, nguzo za chuma, unafuata barabara mpaka macho yachoke. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na shamba la ng'ombe lenye seng'enge ya kawaida, futi nne hivi. Kulungu huiruka hiyo bila kukimbia. Ile ya futi nane hairuki. Tofauti ya maadili yote niliyokuja kuisikia baadaye, kutoka kwa mwenye ranchi, kwa mwongozaji na kwa majirani, inakaa ndani ya hizo futi nne.

Ndani ya lango tukakutana na punda milia, kundi dogo, wanakula nyasi kavu kando ya matairi ya zamani. Nilinyamaza. Mimi huwaona punda milia nikipita barabara ya Namanga. Mwongozaji alituambia wapo kwenye orodha, ukitaka. Huko wanyama wa kigeni hawana msimu wala kikomo cha idadi, wanahesabiwa kama mifugo ya mwenye shamba. Kulungu wa asili ni hadithi nyingine: kisheria ni mali ya watu wa jimbo hata akiwa amezungukwa na uzio wa mtu. Mwenye ardhi anauza ruhusa ya kuingia na kuwinda. Mzee aliposikia hilo alisimama kabisa. "Kwa hiyo mnyama ni wa serikali, lakini mwenye shamba ndiye anayekula pesa?" Akajibiwa ndivyo. Nilijua moja kwa moja anawaza kondoo wake wa Kisaju.

Kuhusu uwindaji wenyewe nitasema kidogo kwa sababu ulikuwa mfupi. Kuna kibanda cha mbao kilichoinuliwa, kina viti vya ofisi na kipasha joto. Mbele yake kama mita tisini kuna pipa juu ya miguu mitatu, lina saa, na saa ikifika linarusha mahindi kwa kelele. Kulungu wameizoea ile kelele. Pipa liliporusha walitoka vichakani kabla vumbi halijatulia, majike kwanza, madume wadogo, kisha yule. Mwongozaji alimtazama kwa darubini, akamtazama tena kwenye simu, akasema ndiye. Mzee alipiga vizuri, sitamnyima haki yake. Mnyama hakuteseka.

Tulipomfikia, kile kibandiko cha sikio hakikuwepo. Palikuwa na tundu safi tu, duara, mahali kilipokuwa. Kilikuwa kimetolewa ili kisionekane kwenye picha. Nadhani Mzee aliliona tundu kabla yangu, kwa sababu alipopigwa picha alikishika kichwa kwa namna ambayo kiganja chake kilifunika lile sikio.

Jioni tulikaa na mwenye ranchi. Si mtu mbaya, na hoja zake si za kupuuza. Alisema kwamba Texas zaidi ya asilimia tisini ya ardhi ni ya watu binafsi, kwa hiyo mnyama asiyemletea mwenye ardhi chochote hana rafiki. Pesa za wawindaji ndizo zinazozuia mashamba yasikatwe viwanja. Bila uzio mrefu, dume unayemtunza miaka sita atavuka kwa jirani akiwa na miaka miwili na kupigwa risasi na mtu asiyejali. Tena kulungu dume kwa kawaida huishi ndani ya eneo la maili moja ya mraba, zaidi au pungufu. Kwa hiyo ndani ya uzio wa ekari elfu kadhaa wengi wao hawatambui kama kuna uzio. Na mnyama akijeruhiwa hapotei akafie mbali, atapatikana.

Mzee aliitikia kila neno. Hoja ya viwanja ilimwingia hasa, na nani wa kumlaumu? Mbuga ya Nairobi ina uzio pande tatu, upande wa kusini umeachwa wazi ili wanyama waende nyanda za Kitengela na Athi-Kapiti kutafuta malisho na kuzaa. Ardhi hiyo ya kusini ni ya watu. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasiweke fensi wala kuuza. Dola 4, huku ploti ya 50 kwa 100 ikinunuliwa na mwalimu wa Nairobi kwa mkopo wa sacco. Tumeona nani alishinda. Mzee alisema waziwazi mezani pale: wangeniruhusu niuze hata swala kumi kwa mwaka, nisingeuza hata ploti moja.

Mimi nilirudi kitandani na swali ambalo sikuliuliza mezani kwa sababu ya heshima. Hoja ya pesa ni ya kweli, lakini ni hoja ya uwindaji kwenye ardhi binafsi kwa jumla. Jirani mwenye seng'enge ya futi nne naye anakodisha shamba lake kwa wawindaji, naye hakati viwanja. Futi nne za ziada zinaongeza nini, basi? Zinaongeza uhakika. Zinafanya inchi za pembe ziweze kuandikwa kwenye orodha ya bei, mnyama apigwe picha Julai na awepo Novemba. Ukishaelewa kwamba kinachouzwa ni uhakika, hoja nyingine zote zinakaa mahali pake.

Nilipata bahati ya kuona upande wa pili. Mwongozaji wetu, siku yake ya mapumziko, alikwenda kuwinda jike wa kujaza friza ya nyumbani, kwenye shamba la jamaa yake lisilo na uzio mrefu, akanikaribisha niketi naye. Sikuwa na leseni kwa hiyo sikugusa chochote. Hapakuwa na kipasha joto. Tuliketi chini ya mti wa mwaloni toka giza la alfajiri, upepo ukageuka, nikasikia kulungu akipuliza pua kwa ukali nyuma yetu, na mkia mweupe ukaonekana mara moja ukipotea. Hatukumwona mwingine. Alirudi nyumbani mikono mitupu akiwa na furaha zaidi kuliko nilivyomwona wiki nzima kazini. Nilimuuliza kama kwenye ranchi aliwahi kurudisha mteja bila mnyama. Akafikiri, akasema labda mmoja, aliyeugua.

Sitaki kueleweka vibaya. Nakula nyama. Nanunua mbuzi soko la Kiamaiko, naelekeza kidole kwa yule ninayemtaka, na hajawahi kupewa nafasi ya kukimbia. Kulungu wa Mzee aliishi maisha marefu na mazuri kuliko mbuzi yeyote niliyewahi kula, na alikufa haraka zaidi. Kwa upande wa mnyama, sioni dhambi kubwa pale. Ninachokiona ni kwamba hakuna anayetundika kichwa cha mbuzi wa Kiamaiko ukutani na kuwaambia wageni alimshinda. Wapiga kura wa Montana waliona kitu kama hicho mwaka 2000, wakapiga marufuku kulipisha watu ili waue wanyama wa mashamba ya kufungiwa. Wawindaji wenyewe walikuwa miongoni mwa waliopigia debe marufuku hiyo.

Hilo la wawindaji wenyewe ndilo lililomuuma Mzee. Alikuwa ameahidi watu kwamba pembe zake zitaingia kwenye kitabu cha rekodi. Kitabu maarufu zaidi cha Marekani ni cha Boone and Crockett, klabu iliyoanzishwa 1887 na Theodore Roosevelt na wenzake. Ni Roosevelt huyo huyo aliyeshuka kwenye treni nyanda za Kapiti mwaka 1909 na kuua wanyama kwa mamia katika safari yake, kwa hiyo si mtu wa huruma nyingi. Lakini klabu yake inadai kile wanachokiita nafasi ya haki: mnyama awe huru, wa porini, na mwindaji asiwe na faida isiyo halali juu yake. Mnyama aliyepigwa ndani ya uzio asioweza kuutoka hapokelewi, hata awe na inchi 300. Mwenye ranchi alilijua hilo na hakutudanganya. Hatukumuuliza tu, naye hakulitaja. Klabu nyingine, Safari Club International, huwapokea lakini katika kundi lao la pekee. Kwa hiyo mtu akikuuzia inchi, muulize zitahesabiwa wapi.

Na muulize kuhusu ugonjwa. Kuna maradhi ya kulungu ya kukonda hadi kufa, yaliyotambuliwa kwanza Colorado 1967, hayana dawa wala chanjo, na chembe zake hukaa udongoni miaka. Texas yalionekana 2012, na 2015 yakapatikana kwenye zizi la kuzalishia kulungu kaunti ya Medina, magharibi tu mwa San Antonio. Kuwasafirisha wanyama kutoka zizi moja hadi jingine ni njia mojawapo ya kuyaeneza, na ranchi inayonunua madume ya kuzalishwa inaishi kwa usafiri huo. Haijathibitishwa kwamba yamewahi kumpata binadamu, lakini ushauri wa kiafya ni kutokula nyama ya mnyama aliyepatikana nayo. Mwambie mwongozaji atoe sampuli, subiri majibu, kisha kula. Sisi tulisubiri. Nyama nyingi tuliiacha kwa mpango wa kugawia wenye njaa, sehemu ndogo binti wa Mzee akapika pilau, na ilikuwa nzuri, haina mafuta, inahitaji vitunguu vingi.

Kichwa bado kiko Texas. Fundi wa kukausha wanyama alitaka dola 900 na muda wa karibu mwaka. Kukileta Nairobi kunahitaji kibali, maana sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kuingiza nyara kienyeji, na KWS, shirika letu la wanyamapori, watataka karatasi. Anza kufuatilia kabla ya kusafiri, wala usibebe pembe kwenye sanduku ukidhani ni mapambo. Sasa hivi kimetundikwa sebuleni kwa binti, juu ya televisheni. Mumewe hakipendi.

Siku hizi mteja akija na ombi hili, kabla ya bei, namwandikia mwenye ranchi maswali. Eneo lililozungushiwa ni ekari ngapi? Madume wamezaliwa humo humo au wameletwa, na waliachiliwa lini? Je, nitachaguliwa mnyama kwa picha? Kibanda kiko umbali gani na pipa la mahindi? Nikirudi bila kitu nalipa nini? Ukijeruhi mnyama bila kumpata unatozwa? Majibu namkabidhi mteja yalivyo, aamue mwenyewe. Wawili wamesoma wakaendelea na ranchi ya uzio mrefu, na nimewapangia. Mmoja ana goti bovu na hawezi kuketi kwenye baridi chini ya mti, na sina la kumwambia.

Mzee anataka kurudi. Nimempatia shamba lisilo na uzio mrefu, siku tano, kwa chini ya nusu ya alicholipa mara ya kwanza, na hakuna ahadi ya kumwona hata jike. Aliniuliza mara tatu kama bei hiyo inahesabu na mnyama. Nikamwambia inahesabu kitanda, chakula na ruhusa ya kuingia. Wiki jana alipiga simu tena kutoka Kisaju, fisi wamechukua kondoo mwingine, tukazungumza hayo kwa muda mrefu. Kabla ya kukata akasema hajaamua, nisiachie nafasi yake. Wanataka jibu kabla ya mwisho wa Machi.